Nahodha Aliyetoboa Wavu Wake Mbele ya Mfalme

Isome hii hata kama chai inapoa. Hakuna mtu anayekufa humu, nasema mapema ili usisome ukiwa roho juu. Wanaokufa ni samaki, na hao ndio waliozua maneno yote. Ukifika mwisho, mtumie yule ambaye sura yake itakujia wakati unasoma.

Kaskazini kabisa, katika nchi ambayo bahari yake ni ya baridi hata ukichovya mkono unautoa umekufa ganzi, palikuwa na ghuba moja ndefu. Mdomoni mwa ghuba waliishi wavuvi wa kamba, wale kamba wadogo wekundu wanaopenda maji ya barafu. Ndani kabisa, mahali ghuba inapokutana na milima, waliishi watu wa ndoana. Hao walivua chewa, samaki mkubwa mweupe, wakamkausha kwenye vichanja na kumla majira yote ya baridi.

Wavuvi wa kamba walikuwa na jambo moja la kuringia, nalo ni usafi. Kila mwisho wa msimu Mfalme Audun alishuka gatini kukagua mapipa yao. Chombo chenye kamba safi kuliko vyote, bila samaki wa aina nyingine hata mmoja, kilituzwa bendera nyeupe, nayo ilipepea mlingotini mwaka mzima. Nahodha Torlak alikuwa ameitwaa bendera hiyo misimu mingi mfululizo, mpaka wenzake wakawa wanashindania nafasi ya pili bila kuona haya.

Sasa, wavu wa kamba una matundu madogo, na wavu wa matundu madogo hauchagui. Ukiukokota chini baharini unapanda na kamba, na pamoja nao chewa wachanga wa urefu wa kiganja, na wengine wengi ambao hakuna aliyewaita. Ukishamwagwa sitahani, mabaharia wa Torlak walipiga magoti wakachambua kama watu wanaochambua mchele wa harusi. Kila asiyekuwa kamba alirudishwa baharini kwa koleo, na wengi walikuwa wameshakufa. Kisha sitaha ilipigwa maji ikasuguliwa, na chombo kikaingia gatini kinanukia sabuni.

Hakuna aliyeona kwamba huo ni udanganyifu. Baba zao walifanya hivyo, na bendera ilitaka hivyo.

Basi ikafika miaka ambayo chewa wakubwa hawakuonekana tena kule ndani ya ghuba. Watu wa ndoana walishusha mishipi yao wakaipandisha mitupu. Wakavumilia msimu mmoja, wakavumilia mwingine, na waliposhindwa wakamtuma msemaji wao kwa Mfalme. Msemaji huyo aliitwa Eivind, na kwa bahati mbaya, au nzuri, alikuwa amemwoa dada yake Torlak.

"Mfalme wangu," alisema Eivind, "samaki hakui mkubwa bila kwanza kuwa mdogo. Hawa wadogo wanaishia wapi? Sisi tunadhani wanaishia kwenye nyavu za kamba."

Wavuvi wa kamba wakaja juu. Mkubwa wao, mzee Brynjar, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ghuba, alisimama akasema, "Mfalme ameyaona mapipa yetu mwenyewe, mwaka baada ya mwaka. Amewahi kumwona chewa hata mmoja?"

Mfalme alikiri kwamba hajamwona. Kisha akatoa hukumu yake.

"Wiki ijayo nitapanda chombo kimoja, nione wavu unapotoka majini. Nikikuta mnaua watoto wa chewa, naifunga ghuba kwa nyavu za kamba, na kila mmoja wenu atafute kazi nyingine. Nikikuta hamuwaui, basi watu wa ndoana wamewasingizia, na ni wao watakaohama. Nitapanda chombo cha Torlak."

Wavuvi walipiga makofi, maana nani alikuwa msafi kuliko Torlak? Torlak mwenyewe alipiga makofi pia, shingo upande. Alijua anachokitupa. Wavu ukionyesha kweli, mji wake wote unakufa njaa, na yeye ndiye atakuwa ameuua. Wavu ukionyesha uongo, dada yake na watoto wa dada yake wanafungasha virago na kuondoka kwenye nchi waliyozaliwa. Hakuona mlango wa tatu.

Brynjar alimfuata nyumbani siku ileile.

"Mwanangu, hili ni jambo dogo," alisema, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Mpeleke Mfalme kule magharibi, kwenye Tope. Pale kamba ni wachache, lakini samaki hawapapendi kabisa. Wavu utapanda msafi, Mfalme ataridhika, na sisi tutaendelea kula."

"Na watu wa ndoana?"

"Nchi ni kubwa. Watapata ghuba nyingine."

"Dada yangu yuko kule, mzee."

"Dada yako mtampa chumba hapa kwenu," alisema Brynjar, na kwa upande wake mambo yakawa yamekwisha.

Kesho yake Torlak alipiga makasia mpaka ndani ya ghuba. Hakwenda na neno lolote la kusema, alitaka tu kuona. Vichanja vya chewa vilikuwa vimesimama vitupu ufukoni, na watoto walikuwa wanabembea juu yake kwa kuwa havikuwa na kazi nyingine. Dada yake alimpakulia mchuzi wa viazi usio na kipande cha samaki, akamwomba radhi kwa hilo, na Torlak aliona aibu mpaka masikioni.

"Shemeji," alisema Eivind walipokuwa wamekaa nje, "usidhani nimekushtaki wewe. Nimeushtaki wavu."

"Wavu haujikokoti wenyewe."

"Najua. Ndiyo maana sijui nikutazame vipi."

Wakatazama watoto wakibembea. Torlak alitaka kumwambia kila kitu, lakini hakumwambia. Akaaga mapema kuliko ilivyo heshima.

Aliporudi, mke wake Solvei alikuwa anawafungia kondoo bandani. Mlango wa banda lile ulikuwa fremu ya fito za mti mgumu, zimesimama sambamba, kati ya ufito na ufito panapita kidole. Torlak alikuwa ameufungua na kuufunga mlango huo maisha yake yote bila kuutazama. Siku hiyo aliutazama.

Baba yake ndiye aliyeitengeneza fremu ile, na hakuitengeneza kwa ajili ya kondoo. Zamani hizo, majira ya joto yalipofika, ghuba ilikuwa inajaa yavuyavu, wale viumbe laini wa majini wanaowasha ngozi, na nyavu zilikuwa zinapanda zimejaa uji. Mzee akaona aifunge fremu kooni mwa wavu, na juu yake akakata tundu kwenye wavu. Kamba walipenya kati ya fito wakaenda mkiani mwa wavu, na yavuyavu walikwama, wakateleza, wakatokea tunduni. Lakini na kamba wengine walitokea huko huko, na gati zima likamcheka mtu anayevua kwa wavu wenye tundu. Mzee hakuwa mtu wa kustahimili kuchekwa. Alipeleka fremu yake kwa kondoo.

Kama yavuyavu waliweza kuonyeshwa njia ya kutokea, Torlak alijiuliza, kwa nini chewa asionyeshwe?

Akaanza kuung'oa mlango.

"Na kondoo je?" aliuliza Solvei.

"Watatulia tu bandani."

"Torlak, umewahi kumwona kondoo aliyetulia?"

Kabla ya jioni kondoo wote walikuwa kwenye kabichi za mzee Brynjar, na Brynjar alisikika mpaka kwa watu wa ndoana. Solvei alikwenda kuwarudisha na kuomba msamaha, akarudi na matope mpaka magotini. Alipomkuta mumewe amepiga magoti juu ya wavu, na fremu imelala katikati, alikunja mikono ya nguo yake. Alichukua sindano ya kushonea nyavu akakaa upande wa pili.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Torlak alitoka na mabaharia wake asubuhi yenye utulivu, fremu imesimama wima kooni mwa wavu kama mlango wa nyumba, na tundu limekatwa juu yake. Samaki waliifikia wakarundikana, wakaziba nafasi zote, na kamba waliokosa pa kupita walitoka tunduni pamoja na samaki. Wavu ulipanda na kamba wa kutosha supu ya familia moja, na familia yenyewe isiwe kubwa.

"Baba yako alikuwa na haki ya kuwapa kondoo fremu hii," alisema mmoja wa mabaharia.

Torlak alitafakari njia nzima ya kurudi. Akaona kwamba mlango wa wima unamsimamisha samaki, lakini ukilazwa kwa mshazari, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, samaki atateleza juu yake mwenyewe mpaka tunduni, na nafasi za fito zitabaki wazi kwa kamba. Wakaufungua, wakaulaza, wakaushona upya, na tundu la zamani wakaliziba kwa sababu sasa halikuwa mahali pake. Jipya hawakulikata, maana ukungu mzito ulishuka ukaifunika ghuba na hakuna chombo kilichotoka. Ukungu ulipoondoka, siku ya Mfalme ilikuwa imeshafika, na Torlak hakujua kama alichokishona kitafanya kazi au kitamuumbua.

Mfalme Audun alikuja na fimbo yake na koti la kawaida la mvua. Mzee Brynjar alipanda pia, kama shahidi wa wavuvi. Waliposhika maji ya nje, Brynjar alinyoosha kidevu upande wa magharibi, kuliko na Tope, halafu akajifanya anatazama mawingu.

Torlak alishika usukani kwa mikono miwili. Alimfikiria dada yake akiomba radhi kwa mchuzi wa viazi. Akaugeuza usukani mashariki, kwenye malisho yale ambako wao huvua kila siku.

"Umetuuza," alinong'ona Brynjar.

Torlak aliamuru ule wavu wao wa siku zote utupwe, usio na fremu wala tundu. Waliukokota muda wa kawaida, wakaupandisha, wakaumwaga sitahani mbele ya viatu vya Mfalme. Rundo lilisambaa. Kamba walikuwamo, wekundu na wazuri, na kati yao, juu yao, chini yao, chewa wachanga walikuwa wanapiga mikia, wengine wameshatulia.

Kwa mazoea mabaharia walishika makoleo.

"Yawekeni chini," alisema Torlak.

Mfalme aliinama kwa taabu, akaokota chewa mmoja, akamlaza kiganjani. Alimjaa kiganja, si zaidi.

"Ndivyo inavyokuwa?"

"Ndivyo, Mfalme wangu. Siku nyingine huzidi hapa."

"Na ile bendera?"

"Bendera tuliipata kwa koleo."

Brynjar alifunika uso kwa kofia yake. Mfalme alimrudisha samaki majini taratibu, kama vile alikuwa na matumaini naye, kisha akajifuta mkono kwenye koti.

"Unakumbuka nilichosema kuhusu ghuba."

"Nakumbuka. Ninaomba nitupe wavu mara moja tena kabla hujatamka neno la mwisho."

"Utabadilisha nini?"

"Nitautoboa."

Mfalme alimtazama kuona kama anatania. Torlak alikuwa ameshauvuta ule wavu wenye fremu ya mshazari, ametoa kisu kiunoni, na mbele ya Mfalme, mbele ya shahidi wa wavuvi wote, alikata tundu kubwa juu ya koo la wavu, mahali ambapo ncha ya juu ya fremu inafika. Mvuvi kukata wavu mzima kwa mkono wake ni jambo ambalo katika mji ule, tangu baba yake Torlak achekwe, hata walevi hawakuthubutu kulifanya hadharani. Brynjar alishika kichwa.

Wavu ukazama. Ndipo Torlak alipoogopa kweli. Kabla ya hapo alikuwa na kazi ya mikono, sasa hakuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kusubiri. Kama fremu imelala vibaya, mji umekwisha, na watasema hata mwisho wake ulikuwa wa kuchekesha. Alitembea toka shetri, nyuma ya chombo, mpaka omo kule mbele, akarudi tena, mpaka Mfalme akamwambia akae kwa kuwa anamtia kizunguzungu.

Wavu ulianza kupanda. Mkia wake ulikuwa mnene, na Torlak hakuthubutu kufurahi, maana unene unaweza kuwa wa chochote. Mabaharia waliufungua.

Walimwagika kamba. Kamba watupu wekundu, rundo karibu sawa na lile la kwanza, limepungua labda bakuli moja au mawili. Torlak alipiga magoti akapitisha mikono ndani yake, akitafuta. Akapata chewa mchanga, mwembamba kama kamba wenyewe. Akapata mwingine. Akapekua mpaka chini, na wote aliowapata walienea kwenye kofia yake.

Akakaa hapohapo katikati ya kamba, kofia mkononi, anacheka na machozi yanamtoka, na hakujali nani anamwona. Baharia yule aliyesema fremu ni ya kondoo alimpiga begani mara kadhaa.

"Hawa wembamba bado wanapita," alisema Torlak, akionyesha kofia. "Siwezi kukuficha, Mfalme wangu. Tukikuta mahali wamejaa hivi, dawa ni kuondoka pale na kwenda kuvua kwingine mpaka wakue."

Mfalme Audun alikaa juu ya pipa. Uso wake ulikuwa umelegea, kama wa mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Torlak, unadhani kwa nini nilichagua chombo chako?"

"Kwa sababu ya bendera."

"Kwa sababu ya shakwe." Mfalme alinyoosha fimbo angani, kwa ndege weupe waliokuwa wanazunguka juu ya mlingoti wakilalamika. "Dirisha langu linatazama ghuba. Kila chombo kinafuatwa na shakwe wawili watatu, lakini nyuma ya chombo chako kilicho safi kuliko vyote palikuwa na wingu zima. Nikajiuliza, ndege hawa wanafuata nini? Shakwe hawali sabuni."

Mabaharia walitazamana.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," alisema Brynjar, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa najua kwamba mnaua. Ambacho sikukijua ni kama yuko hata mmoja atakayeniambia. Tungegeuka magharibi leo, ningeifunga ghuba kabla hatujarudi gatini. Nawajua samaki wa Tope, mzee Brynjar. Nilivua pale utotoni nikarudi na matope." Alikohoa, akaendelea taratibu. "Na kosa si lenu peke yenu. Mimi ndiye niliyekuwa nasifu mapipa safi bila kuuliza yamesafishiwa wapi. Niliwafundisha kutupa, tena nikawatuza kwa hilo."

Hapohapo juu ya pipa akatoa hukumu. Ghuba haifungwi, na watu wa ndoana hawahami. Kila wavu wa kamba utakuwa na fremu na tundu. Kinachopanda na wavu, kiwe kamba au kisiwe, kitaletwa gatini kionekane, na mahali wachanga watakapozidi pataachwa papumzike. Tuzo ya bendera imekwisha tangu siku hiyo.

Walipokuwa wanarudi, Brynjar alimsogelea Torlak akisuasua.

"Zile fito zimeachana kiasi gani?"

"Upana wa kidole, mzee."

Brynjar alikitazama kidole chake, kinene kama karoti. "Changu hiki?"

"Azima cha mkeo."

Mzee alitaka kukasirika akashindwa, akacheka mpaka akashika ukingo wa chombo. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba kuhusu zile kabichi yeye hana kinyongo na kondoo.

Alasiri ile gati lilikuwa la ajabu. Manahodha watu wazima, waliokuwa hawaruhusu hata watoto wao kukanyaga wavu, walikaa chini wamekunja miguu, kila mmoja anaukata wavu wake mwenyewe kwa kisu. Wake zao waliwazunguka wakiwauliza kama wana akili timamu, na kicheko kilikuwa kinahama kutoka chombo hadi chombo. Solvei alikuwa anazunguka na kipande cha ufito mkononi, anaonyesha mshazari unavyotakiwa kulala, na alimkaripia Brynjar mara mbili kwa kuusimamisha.

Eivind alifika kwa mashua yake ndogo. Habari ilikuwa imemfikia nusunusu, kwamba Mfalme ameona samaki, na alikuja akiwa na hofu ya kukuta mji wa shemeji yake uko matangani. Alisimama gatini akiangalia watu wanaotoboa nyavu huku wanacheka, asielewe. Alipoelezwa, alivua kofia akakaa karibu na Torlak, akashika upande wa pili wa wavu ili ukatike vizuri.

"Shemeji," alisema baada ya muda, "kwa hiyo sisi tunabaki?"

"Mnabaki," alisema Torlak. "Na sisi tunabaki."

Eivind aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha wakaendelea na kazi, maana nyavu zilikuwa bado nyingi.

Funzo: Ukimsifu mtu kwa kuonekana msafi tu, utamfundisha kuficha, lakini kosa likiwekwa wazi mbele ya wote, hata kwa hofu, ndipo watu hupata njia ya kulirekebisha bila mmoja kuangamia ili mwingine aishi.